Kisu, Mwanga na Mwambao: Historia Linganishi ya Upasuaji wa Leza wa Kusahihisha Uoni kwa Mtazamo wa Lipingo, Ziwa Nyasa

Ikisiri

Makala haya yanalinganisha aina tatu kuu za upasuaji wa leza wa kusahihisha uoni, yaani PRK, LASIK na SMILE, kwa kufuata historia ya kuzaliwa kwa kila moja. Masimulizi yaliyozoeleka huzipanga aina hizo kama vipandio vya ngazi, ambapo ya karibuni zaidi huhesabiwa kuwa bora zaidi. Makala yanapinga mpangilio huo. Yanatoa hoja kwamba kila aina mpya haikuondoa mzigo wa ile iliyotangulia, bali iliuhamisha: kutoka siku za mwanzo kwenda miaka ya baadaye, au kutoka kwenye jicho la mgonjwa kwenda kwenye mashine na gharama zake. Hoja hii inapimwa kwa kutumia mazingira ya Lipingo, katika mwambao wa Ziwa Nyasa mkoani Ruvuma, ambako kazi, jua, upepo na umbali wa hospitali hubadilisha uzito wa kila faida na kila hatari.

1.0 Utangulizi

Jicho la binadamu huona vizuri pale miale ya mwanga inapokutana juu ya retina, utando ulio nyuma ya jicho. Kazi ya kuipinda miale hiyo hufanywa na konea, yaani kioo angavu cha mbele ya jicho, pamoja na lenzi iliyo ndani. Konea peke yake hufanya takribani theluthi mbili za kazi hiyo. Jicho likiwa refu kupita kiasi, au konea ikiwa na mbinuko mkubwa mno, miale hukutana kabla ya kuifikia retina, na mtu huona vya karibu huku vya mbali vikimtia ukungu. Hali hiyo huitwa miopia. Mbinuko wa konea usipokuwa sawa pande zote, hutokea astigmatizimu. Kiasi cha kasoro hupimwa kwa diopta, kipimo kile kile kinachoandikwa kwenye cheti cha miwani.

Upasuaji wa leza unaozungumziwa hapa hubadili umbo la konea ili mtu aone bila miwani. Mpaka wake unafaa kuwekwa wazi mapema, kwa sababu neno leza limekuwa likitajwa mitaani kama dawa ya kila ugonjwa wa macho. Upasuaji huu hauondoi mtoto wa jicho, ambaye ni ukungu wa lenzi ya ndani. Hautibu trakoma, wala haurudishi uoni uliopotea kwa shinikizo la ndani ya jicho. Ipo leza nyingine, iitwayo YAG, ambayo hutumika kusafisha utando uliofifia nyuma ya lenzi bandia baada ya upasuaji wa mtoto wa jicho. Nayo ni tiba tofauti kabisa. Mgonjwa anayeambiwa tu kwamba “atapigwa leza” hajaambiwa jambo la kutosha kumwezesha kuamua.

Lipingo imechaguliwa kuwa mahali pa kutazamia historia hii. Ni kata ya Wilaya ya Nyasa, wilaya iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012 na yenye makao yake Mbamba Bay. Historia ya upasuaji huu imeandikwa kutoka New York, Berlin, Krete na miji mingine yenye kliniki karibu na mgonjwa. Swali la makala haya ni hili: ulinganishi wa aina hizo ungekuwaje iwapo anayeulizwa ni mtu anayevua usipa usiku, anayeanua dagaa mchangani mchana, na ambaye safari ya kumwona daktari bingwa humgharimu siku kadhaa za kazi?

2.0 Mwambao wa Nyasa na tiba iliyomfuata mgonjwa

Historia ya tiba ya kisasa katika mwambao huu ilianza kwa chombo kilichosafiri. Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati (UMCA), iliyoweka makao yake katika kisiwa cha Likoma mwaka 1885, ilifanya kazi zake ziwani kwa meli. Meli ya Chauncy Maples ilijengwa Glasgow, ikasafirishwa vipande vipande hadi ziwani, ikaunganishwa na kushushwa majini mwaka 1901. Ilikusudiwa kuwa chuo na hospitali inayoelea. Wazo lililoibeba lilikuwa rahisi: vijiji vimetawanyika ufukweni, njia za nchi kavu ni ngumu, basi mganga ndiye anayepaswa kusafiri.

Baadaye tiba ilipata majengo. Liuli, iliyoitwa Sphinxhafen enzi ya Wajerumani, ikawa na Hospitali ya Mtakatifu Anna ya Kanisa la Anglikana. Upande wa milimani, Wamatengo wa Mbinga walipata hospitali ya Wakatoliki huko Litembo, na mbele zaidi, karibu na Songea, ikasimama hospitali ya Wabenediktini ya Peramiho. Hata hivyo, desturi ya mganga kusafiri haikufa. Katika huduma za macho ilirudi kwa sura ya kliniki za mkoba, ambapo timu hufika wilayani na vifaa vyake, hupima watu, na huwafanyia upasuaji wenye mtoto wa jicho.

Tiba ya mtoto wa jicho inatoa funzo linalohusu mjadala wetu moja kwa moja. Kwa muda mrefu daktari aliitoa lenzi yote yenye ukungu bila kuweka nyingine badala yake. Mgonjwa alipewa miwani ya vioo vizito, na bila miwani hiyo aliona kidogo sana. Miwani ikivunjika shambani au ikizama ziwani, mtu alirudi karibu na upofu ule ule, ingawa katika kumbukumbu za hospitali alihesabiwa kuwa amepona. Tarehe 29 Novemba 1949, Harold Ridley wa Hospitali ya St Thomas', London, alianza upasuaji wa kuweka lenzi bandia ndani ya jicho. Ilichukua miongo kadhaa kwa njia hiyo kukubalika na kuwa nafuu, lakini ilipofika vijijini iliubadilisha upasuaji kutoka ahadi inayotegemea kifaa cha kuvaliwa na kuwa tiba iliyokamilika. Kwa upasuaji wa njia ndogo usiohitaji mashine kubwa, timu ya mkoba inaweza kuifanya kazi hiyo katika hospitali ya wilaya.

Tangu hapo funzo linabaki: upasuaji wa jicho haupimwi kwa siku ya kufunguliwa bendeji tu. Unapimwa pia kwa yale mgonjwa anayotakiwa kuyafanya, kuyanunua na kuyaepuka katika maisha yake yote yanayofuata.

3.0 Kabla ya leza: kisu juu ya konea

Jitihada za kubadili umbo la konea zilitangulia leza. Nchini Japani, Tsutomu Sato alikata konea kwa mikato midogo, ikiwa ni pamoja na mikato ya upande wa ndani, ili ilegee na kupungua mbinuko. Umuhimu wa safu ya seli za ndani ya konea ulikuwa haujaeleweka. Miaka mingi baadaye, konea za wengi wa wagonjwa wake zilivimba na kupoteza uangavu.

Mwaka ule ule wa 1949 ambao Ridley aliweka lenzi yake, José Ignacio Barraquer, mzaliwa wa Barcelona aliyefanya kazi zake kubwa Bogotá, Kolombia, alichapisha wazo la kuichonga konea yenyewe. Alikata kisahani chembamba cha konea kwa kifaa chenye wembe, akakigandisha, akakichonga kwa mashine kama fundi seremala anavyochonga mguu wa meza, kisha akakirudisha mahali pake. Jina alilolipa tendo hilo, lenye asili ya Kigiriki na maana ya kuchonga konea, ndilo linaloendelea kuishi ndani ya kifupisho LASIK.

Katika miaka ya 1970, Svyatoslav Fyodorov wa Moscow aliieneza njia ya mikato ya miali, ambamo konea hukatwa kwa mistari inayotoka karibu na kitovu kuelekea pembeni. Njia hiyo ilikuwa ya haraka na matokeo yake ya mwanzo yalivutia, ikaenea hadi Marekani. Huko uliendeshwa utafiti mkubwa ulioitwa PERK, na matokeo yake ya miaka kumi yalitolewa mwaka 1994. Yalionyesha kwamba asilimia 43 ya macho yaliyofanyiwa upasuaji yalikuwa yamesogea kwa diopta moja au zaidi kuelekea kasoro ya upande wa pili. Konea iliyokatwa iliendelea kulegea taratibu bila mgonjwa wala daktari kuwa na la kufanya.

Visa vya Sato na Fyodorov vina sura moja: siku ya kwanza ilisifiwa, na gharama ikaja baada ya miaka. Kisu kiliacha deni ambalo muda ndio uliolidai.

4.0 PRK: mwanga juu ya uso wa konea

Leza ya kwanza iliwashwa na Theodore Maiman mwezi Mei 1960. Iliyofaa konea, hata hivyo, ilikuja baadaye: leza ya eksima, yenye mwanga wa urujuanimno usioonekana kwa macho na wenye urefu wa wimbi wa nanomita 193. Novemba 1981, Rangaswamy Srinivasan wa maabara ya kampuni ya IBM katika jimbo la New York aliielekeza leza hiyo kwenye mabaki ya nyama ya bata mzinga yaliyotoka kwenye mlo wa sikukuu. Nyama ilichongeka kwa ukingo safi, bila kuungua pembeni. Yeye na wenzake, James Wynne na Samuel Blum, walitambua kwamba mwanga huo huvunja vifungo vya molekuli za tishu bila kupasha joto sehemu za jirani.

Daktari wa macho Stephen Trokel wa Chuo Kikuu cha Columbia alishirikiana na Srinivasan, na mwaka 1983 wakachapisha matokeo ya kuchonga konea za wanyama. Theo Seiler wa Berlin alikuwa miongoni mwa waliotangulia kuitumia leza hiyo kwenye jicho la binadamu. Mwaka 1988, Marguerite McDonald wa New Orleans alifanya PRK kwenye jicho linaloona la mwanamke aliyekuwa akisubiri jicho hilo liondolewe kwa sababu ya saratani. Mgonjwa huyo alijitolea kwa hiari yake ili madaktari wajifunze. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliidhinisha PRK mwaka 1995.

Katika PRK, daktari huondoa kwanza ngozi nyembamba ya juu ya konea, yenye unene wa takribani maikromita 50, kisha leza huchonga tabaka la chini yake. Maikromita moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Ngozi hiyo huota upya kwa siku chache, na wakati huo jicho hufunikwa kwa lenzi laini ya kulilinda. Siku mbili au tatu za mwanzo huwa na maumivu, macho hutiririsha machozi na kuchukia mwanga. Uoni hutengemaa kwa majuma, wakati mwingine kwa miezi. Hatari yake kuu ya baadaye ni ukungu wa konea, ambao huongezeka kwa wenye kasoro kubwa na kwa wanaopigwa na jua kali bila kinga. Tangu dawa ya maitomaisini ianze kutumika wakati wa upasuaji, tatizo hilo limepungua sana, lakini miwani ya jua na dawa ya matone yenye steroidi bado ni sehemu ya tiba. Steroidi nazo zinaweza kupandisha shinikizo la ndani ya jicho, kwa hiyo mgonjwa hulazimika kurudi kupimwa.

Baada ya kipindi hicho kupita, PRK huacha jicho ambalo ni jembamba kidogo kuliko awali, lakini lisilo na mkato wala kiungo ndani yake. Mzigo wake wote umekaa mwanzoni.

5.0 LASIK: siku ya kwanza iliyoshinda

Maumivu na kusubiri ndivyo vilivyoizaa LASIK. Ioannis Pallikaris wa Krete, Ugiriki, aliunganisha fikra mbili: wembe wa Barraquer na leza ya eksima. Mwishoni mwa miaka ya 1980, alikata kifuniko chembamba cha konea, akakiacha kimeshikilia upande mmoja kama mlango kwenye bawaba, akakikunja, leza ikachonga tabaka la chini, kisha akakirudisha. Ngozi ya juu haikuondolewa, hivyo maumivu yalipungua sana, na watu wengi waliona vizuri kesho yake.

Faida hiyo ilitosha kuifanya LASIK ienee duniani kote katika miaka ya 1990. Lakini kifuniko kilikuja na gharama zake. Kwanza, mishipa midogo ya fahamu ya konea hukatwa, na macho mengi hukauka kwa miezi, wakati mwingine zaidi. Pili, kifuniko hakiungani tena na jicho kwa nguvu ya asili. Hushika vizuri zaidi ukingoni tu, na pigo la moja kwa moja linaweza kukisogeza hata baada ya miaka mingi. Tatu, kifuniko hakichangii tena nguvu ya konea. Mwaka 1998, Seiler na wenzake walieleza visa vya konea iliyoanza kutuna baada ya LASIK na kuharibu uoni hatua kwa hatua.

Ugunduzi huo uliwafanya madaktari wahesabu kwa uangalifu. Kwa eneo la kuchongwa lenye kipenyo cha milimita 6, kila diopta ya miopia hugharimu takribani maikromita 12 za konea. Konea ya kawaida ina unene wa maikromita 540 hivi katikati. Chukua mfano wa konea ya maikromita 500 yenye miopia ya diopta 8. Leza itachonga takribani maikromita 96. Kwa LASIK yenye kifuniko cha maikromita 160, kitakachobaki chini ni maikromita 244, yaani chini ya kiwango cha 250 ambacho madaktari wengi walikichukua kama mpaka wa chini. Kwa PRK, ukiondoa ngozi ya juu inayoota upya, hubaki takribani 354. Konea ni ile ile na kasoro ni ile ile. Kinachotofautiana ni kile kinachotumiwa na kifuniko.

Wembe ulikuja kubadilishwa kwa mwanga. Katika Chuo Kikuu cha Michigan, Ron Kurtz na Tibor Juhasz walitumia leza ya femtosekunde, yenye mapigo mafupi mno, kukata kifuniko. Teknolojia ya mapigo hayo ilitokana na kazi ya Gérard Mourou na Donna Strickland ya mwaka 1985, iliyowapatia sehemu ya Tuzo ya Nobeli ya Fizikia mwaka 2018. Kifuniko kikawa chembamba zaidi, mara nyingi maikromita 100 hadi 120, na chenye unene sawa kila upande. Hata hivyo, kilibaki kuwa kifuniko.

6.0 SMILE: mlango mdogo, mashine kubwa

Aina ya tatu ilitokana na swali la kama kifuniko kinahitajika kweli. Nchini Ujerumani, Walter Sekundo na Marcus Blum waliitumia leza ya femtosekunde kuchora kijilenzi ndani ya konea, kisha wakakitoa kupitia mkato mdogo wa milimita 2 hadi 4. Ukingo wa kifuniko cha LASIK una urefu wa takribani milimita 20. Matokeo ya SMILE yalichapishwa mwaka 2011, na Marekani iliiidhinisha mwaka 2016.

Kwa kuwa mkato ni mdogo, mishipa mingi ya fahamu hubaki salama na ukavu wa macho hupungua. Hakuna kifuniko cha kusogezwa na pigo. Lakini mzigo umehamia mahali pengine. Leza inayohitajika ni ya gharama kubwa na ya mtengenezaji mahususi. Utoaji wa kijilenzi unadai mkono uliozoea. Na uoni wa siku za mwanzo huchelewa kidogo kuliko wa LASIK. Kwa muda mrefu njia hii ilikuwa ya miopia na astigmatizimu inayoambatana nayo tu. Zaidi ya hayo, mgonjwa wa SMILE akihitaji marekebisho ya pili, daktari mara nyingi humfanyia PRK juu ya uso wa konea. Aina mpya kuliko zote huirudia ile ya zamani kuliko zote pale inapokwama. Jambo hilo peke yake linatosha kuitia mashaka picha ya ngazi.

7.0 Ulinganishi kutoka Lipingo

Baada ya mwaka mmoja, aina zote tatu zikifanywa vizuri kwa mtu anayefaa, uoni unaopatikana hukaribiana sana. Kwa sababu hiyo ulinganishi wa maana hauko kwenye herufi za ubao wa kupimia. Uko kwenye mazingira ya anayeoneshwa herufi hizo.

Kigezo cha kwanza ni kazi. Mvuvi wa mwambao wa Nyasa hupigwa usoni na kamba, kasia, wavu uliokazwa na maji ya mawimbi, hasa upepo wa mwera unapovuma. Mpakuaji wa mizigo, mpasua kuni na mchezaji wa mpira nao wako katika hali hiyo. Kwa watu hawa, kifuniko cha LASIK ni hatari isiyokwisha, na kikisogea hutakiwa kurudishwa haraka na mtaalamu mwenye darubini ya upasuaji. Hoja hii si ya wavuvi pekee. Majeshi ya Marekani, yenye uwezo wa kununua mashine yoyote, yalitanguliza PRK kwa marubani na askari wao kwa muda mrefu, kwa sababu hiyo hiyo ya mapigo.

Kigezo cha pili ni jua na usiku. Mwambao uko karibu na nyuzi 11 kusini mwa Ikweta, na mwanga huakisiwa na maji na mchanga. Aliyefanyiwa PRK akirudi ufukweni bila miwani ya jua anajitafutia ukungu wa konea. Usiku nao una lake. Usipa huvuliwa kwa taa, na wapo waliofanyiwa upasuaji wa leza, wa aina yoyote, ambao huona duara za mwanga kuzunguka taa gizani. Daktari wa mjini humuuliza mgonjwa kama huendesha gari usiku. Anayetoka Lipingo anapaswa kuulizwa kama huvua usiku.

Kigezo cha tatu ni umbali. Upasuaji wa leza wa kuondoa miwani ni huduma ya miji mikubwa kama Dar es Salaam na Nairobi, na kwa kawaida mgonjwa hulipia mwenyewe. Kutoka Songea hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 900, na kabla ya Songea ipo safari ya kupanda kutoka ziwani kupitia Mbinga. PRK inadai kukaa karibu na daktari kwa juma la kwanza na kurudi kupimwa katika miezi inayofuata. LASIK inaonekana kuwa nafuu kwa msafiri, kwa kuwa anaweza kuondoka mapema. Unafuu huo ndio mtego wenyewe: anaondoka mapema na kwenda kuishi mbali na mtu pekee awezaye kumsaidia kifuniko kikisogea. PRK humwomba siku zake mwanzoni, kisha humwachia huru zaidi.

Kigezo cha nne ni kipimo cha awali. Konea inayotuna yenyewe, ugonjwa uitwao keratokonasi, ni katazo la msingi, nao una uhusiano na kufikicha macho. Watoto wengi wa Afrika Mashariki hupata mzio wa macho unaowafanya wayafikiche kwa miaka. Kijana mwenye historia hiyo akifanyiwa leza bila ramani ya konea kuchukuliwa, anaweza kupoteza uoni ambao miwani ingeuhifadhi. Kwa hiyo kliniki inapaswa kuulizwa kwanza kuhusu mashine ya kupimia, ndipo iulizwe kuhusu mashine ya kuchongea.

Kigezo cha tano ni umri. Kuanzia miaka 40 hivi, lenzi ya ndani hukakamaa na uoni wa karibu hufifia. Mtu mwenye miopia ya diopta 2 au 3 huendelea kushona wavu, kuchambua mchele na kusoma kitabu kwa kuvua tu miwani yake. Akisahihishwa kikamilifu kwa leza, uwezo huo hutoweka, na atahitaji miwani ya karibu ambayo hakuwa akiihitaji. Anabadilisha miwani kwa miwani, na pengine kwa gharama ya ng'ombe kadhaa. Jambo hili halitegemei aina ya leza, na ndilo linalosahaulika zaidi katika matangazo.

Vigezo hivi vikijumlishwa, mpangilio unaopatikana si ule wa miaka ya kuvumbuliwa. Kwa mkazi wa mwambao mwenye kasoro ndogo au ya wastani, ambaye konea yake imepimwa na kukutwa salama, na anayeweza kukaa mjini kwa majuma ya mwanzo, PRK ina haki ya kutajwa kwanza ingawa ni kongwe. SMILE inafuata, kwa sababu haina kifuniko, pale gharama inapowezekana. LASIK, iliyo maarufu kuliko zote, inakuwa ya mwisho kwa mtu wa mtumbwi, ingawa yaweza kuwa ya kwanza kwa karani wa ofisini. Na kabla ya zote iko miwani, ambayo ikikosewa hubadilishwa, wakati konea iliyochongwa hairudishwi.

8.0 Hitimisho

Historia iliyochunguzwa hapa inaonyesha kwamba kila aina ya upasuaji wa leza ilizaliwa kujibu lalamiko halisi. PRK ilijibu mikato isiyodhibitika ya kisu, LASIK ikajibu maumivu ya PRK, na SMILE ikajibu kifuniko cha LASIK. Hata hivyo, walalamikaji waliosikilizwa walikuwa watu wanaoishi karibu na kliniki, wenye kazi za ndani ya nyumba, na ambao siku ya kwanza bila maumivu ilikuwa na thamani kuliko mwaka wa ishirini bila hofu. Lalamiko la mvuvi halikuwemo katika hesabu, na haliwezi kuingia lenyewe.

Hili lina maana kwa sera na kwa ushauri wa daktari. Meli ya mwaka 1901 na kliniki za mkoba za leo zilijengwa juu ya kanuni kwamba tiba humfuata mgonjwa. Mashine ya leza haiwezi kupakiwa kwenye mtumbwi. Kinachoweza kusafiri ni kipimo sahihi, miwani inayofaa na maelezo ya kweli. Mpango wa VISION 2020 uliozinduliwa mwaka 1999, na baada yake mpango wa SPECS 2030 wa Shirika la Afya Duniani, uliozinduliwa mwaka 2024, inatambua kuwa kasoro za uoni zisizosahihishwa ni tatizo la afya ya umma, na njia ya kulifikia kwa wengi ni miwani. Timu ya mkoba inayofika Nyasa kuondoa mtoto wa jicho inaweza pia kumpima kijana miopia, kumpa miwani, na kumweleza kwa lugha yake faida na gharama za kila aina ya upasuaji, kabla hajauza shamba la kahawa kwa ajili ya safari ya mjini. Ulinganishi wa haki ni ule unaomuuliza mgonjwa kwanza kazi yake, umri wake na umbali wa kwake, ndipo ukataja jina la mashine.